Ng'ombe wa Bwana Mwinjuma

Dunda, Bagamoyo
14 Julai 1952

Mwanangu Ausi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kariakoo, na Mungu akuepushe na homa na rafiki wabaya. Sisi wazima. Baba yako mdogo Kibwana anaadhini kama kawaida. Sauti imeanza kumkauka alfajiri, lakini haambiliki. Mbuzi wako amezaa mapacha. Paa la jikoni nimeliezeka makuti mapya. Wasichana wangu wa chuo cha Kurani wanaendelea, na Mwajabu binti Mwinjuma amekaribia kuhitimu. Yeye ndiye anayenisomea barua zako, maana tangu upate ukarani huandiki tena kwa harufi za Kiarabu nilizokufundisha mimi, unaandika hizo za shule. Mimi nitakuandikia kwa zangu, na utazisoma, kwa kuwa bakora yangu unaikumbuka.

Sasa sikiliza. Baba yake Mwajabu, Bwana Mwinjuma, amenunua lile shamba la minazi lililo kati ya nyumba zetu na kisima. Unajua kuwa njia ya kisimani inapita katikati ya shamba lile, na ilikuwako kabla bibi yangu hajazaliwa. Bwana Mwinjuma amezungusha seng'enge shamba zima. Njiani ameacha lango na mlinzi. Mwanamke akija na debe lake hakatazwi kupita, lakini kwanza abebe pakacha la nazi alifikishe kwenye tanuri la kukaushia nazi ziwe mbata, mwisho wa shamba, ndipo aende akateke. Akirudi na maji, mlinzi anaweza kumwonyesha pakacha jingine. Bwana Mwinjuma anasema hiyo ni ada ya kupita. Asiyetaka azunguke kule kwenye mikoko, na huko mtu huondoka alfajiri akarudi jua limeshapanda, na nusu ya maji imemwagika.

Dija, jirani yetu, alikuwa mja mzito. Hakuweza kuzunguka, kwa hiyo alibeba. Wiki iliyopita alijikwaa pale tanurini na pakacha kichwani. Mimba imetoka. Nimemkanda mimi kwa mikono yangu, na alikuwa mtoto wa kiume. Mumewe amekaa kizingitini.

Sisi wanawake tunaosoma dua kila Alhamisi hapa uani kwangu tumeona jambo hili si la kunyamaziwa. Wewe uko mjini, na tunasikia makuli wa bandarini huko wanajua kusimama pamoja wakadai haki yao. Niambie wanaanzaje.

Na jingine dogo. Siku ya pili ya Idd ulionekana barazani kwa Bwana Mwinjuma, umevaa ile kanzu uliyoniambia unaiweka mpaka Idd kubwa. Ulikuwa na shughuli gani pale?

Mimi shangazi yako,
Mwanahija binti Mrisho


Kariakoo, Dar es Salaam
9 Agosti 1952

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imechelewa kunifikia kwa sababu dereva wa lori aliisahau mfukoni, akaenda nayo Morogoro akarudi nayo. Mimi mzima wa afya. Kazi ni nyingi. Karani mwenzangu Rehani ameoa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomsindikiza. Msalimie Baba mdogo, na mwambie anywe maji ya tangawizi. Nimesikitika sana kwa yaliyompata Dija, na Mungu ampe mwingine.

Kuhusu jambo la njia, Shangazi, siku hizi mambo huenda kwa utaratibu. Kwanza mnatakiwa muwe na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kisha mwandike maombi kwa adabu mpeleke ofisi ya serikali. Nimekuandikia mfano kwenye karatasi ya pili. Unaanza "Mheshimiwa" na unamalizia "sisi watumishi wako watiifu". Msitaje jina la mtu. Semeni tu "mmiliki wa shamba". Makuli wana shida zao na njia zao, na mimi nisingependa jina lako litajwe pamoja na maneno kama hayo.

Tena inawezekana Bwana Mwinjuma hajaelezwa vizuri. Ni mtu mwenye busara akikalishwa kitako. Msikilizeni na yeye.

Mpe salamu msomaji wa barua hii. Mwambie kuwa anayesoma vizuri huwapa raha wawili, anayesikiliza na aliyeandika.

Mwanao,
Ausi bin Salumu


Dunda
4 Septemba 1952

Mwanangu Ausi,

Salamu. Idd kubwa imepita salama ila hukuja, na kanzu yako nadhani imepata kupumzika. Nyama yako tulimpa Dija. Anatembea sasa, lakini kisimani haendi. Tunamgawia maji, kila mmoja kidogo.

Barua yako nimesomewa. Nilimwambia Mwajabu kwamba ina habari za baba yake, kama hapendi aiache. Akaniambia nikae kitako nisikilize. Akasoma yote bila kusitasita, hata ile ya mmiliki wa shamba. Alipofika kwenye salamu za mwisho akakohoa.

Nikujibu sasa. Mwenyekiti tumemweka: mimi. Katibu tumekosa, maana anayejua kuandika harufi zinazotakiwa ofisini ni binti wa mtu tunayemshtaki. Mweka hazina wa nini, Ausi? Hazina yetu ni madebe. Hata hivyo mfano wako tuliunakili kwa mkono wa mwalimu mmoja wa shule, tukaupeleka. Tulipokewa vizuri, tukaketishwa, tukaambiwa shamba ni lake na hati anayo. Utiifu wetu wote tuliouandika pale mwisho tukarudi nao nyumbani.

Tukaenda kwa Mwalimu Mohamedi, imamu wetu. Akatuambia tuwe na subira. Nikamwambia, "Mwalimu, subira tunayo. Tunaibeba kichwani pamoja na nazi." Huyu ndiye aliyetusomesha Ramadhani hii kwamba Mtume kasema watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Nikamkumbusha. Akatazama juu. Nikatazama na mimi, nikaliona bati. Bati la msikiti, kama hukujua, amelitoa Bwana Mwinjuma.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka na wanaume wote wa mji huu, na wewe ukiwamo. Lakini Alhamisi, baada ya dua, tulikata shauri. Kila mwaka Bwana Mwinjuma hutoa ng'ombe wa Maulidi. Kwa ng'ombe huyo huketi mbele, huombewa dua kwa jina lake, na watoto wadogo hudhani Maulidi ni yake. Mwaka huu ng'ombe wake hatumtaki. Tutasoma Maulidi kwa mchele wetu na papa wa kukaanga, kila nyumba italeta inachoweza, na Mtume hatapungukiwa na kitu. Tumeisomea Fatiha, na hata baba yako mdogo aliyekuwa barazani akaitikia amina.

Usiniulize watu wamesemaje. Utadhani nimesema akhera hakuna pepo. Mzee mmoja kanisimamisha njiani, kaniuliza kama najua kwamba pilau ya Maulidi huliwa mara moja kwa mwaka. Nikamwambia maji hunywewa kila siku. Kaondoka anatikisa kichwa, akiniona mimi ndiye nisiyeelewa.

Swali langu la Idd hukulijibu.

Shangazi yako,
Mwanahija


Kariakoo
27 Septemba 1952

Shangazi,

Shikamoo. Natumai hamjambo nyote. Mimi nilipata mafua lakini yamekwisha.

Nakuomba sana jambo la ng'ombe mliache. Mtu akitoa sadaka hakataliwi, ni aibu kubwa kwake na kwa jamaa zake wasio na kosa. Mnaweza kudai njia huku mkila pilau yake, haya mawili hayazuiani. Kuna sababu nyingine ya kukuomba hivi ambayo nitakueleza nikipata nafasi nzuri.

Msalimie msomaji. Mwambie nimesikia alikohoa, na kwamba dawa ya kikohozi ipo, inatafutwa.

Mwanao,
Ausi


Kariakoo
18 Oktoba 1952

Kwa Shangazi yangu, aliye mama yangu,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na leo nakuandikia kwa harufi zako ili usome mwenyewe, asikusomee mtu.

Shangazi, mimi nimekuwa mtu mzima. Nina kazi na chumba changu, na nimechoka kula hotelini. Nataka kuoa. Najua kwamba katika nyumba yetu posa haipelekwi na mwingine ila shangazi. Wewe ulipeleka ya marehemu kaka, na shangazi yako wewe alipeleka ya baba. Ukiweka mguu wako mlangoni kwa watu, wanajua ukoo mzima umefika. Usipoenda, hata nikituma watu arobaini, ni sawa na sikutuma mtu.

Nakuomba unipelekee posa yangu kabla ya Maulidi. Vitu vya sinia nitavileta: ubani, uturi, tambuu na vitambaa.

Binti ni wa hapo hapo Dunda. Unamjua na unamsifu. Hayo uliyoniuliza ya siku ya pili ya Idd, sasa nadhani umeshajijibu.

Ni Mwajabu binti Mwinjuma.

Mwanao,
Ausi


Dunda
1 Novemba 1952

Ausi,

Sisi wazima. Mvua bado.

Nimekaa na barua yako wiki nzima nikitafuta namna ya kuijibu bila kukutukana, na nimeshindwa, kwa hiyo vumilia.

Kwa hiyo barua zile zote hazikuwa zangu. Mimi nakueleza mtoto wa watu kafa kabla hajazaliwa, wewe unatuma salamu kwa msomaji. Mimi nakuuliza makuli wanaanzaje, wewe unatafuta dawa ya kikohozi. Na mimi mjinga nimekaa pale juu ya mkeka, na tasbihi mkononi, nikijiona nasomewa habari za haki, kumbe ni posa inayopita juu ya kichwa changu.

Binti sina neno naye. Hana mfano katika wasichana wangu. Lakini wewe unanitaka niende kwa miguu yangu hadi kwa mtu yule, na sinia kichwani, nimwambie sisi ni watu wako. Na akiniuliza kuhusu ng'ombe? Na Dija nitampitia wapi nikienda? Mlango wake unatazamana na wangu.

Hujawahi kuniuliza maji uliyokuwa ukiogeshwa yalitoka wapi. Mama yako alipofariki hukuwa umeota meno. Nilikuwa nakwenda kisimani na debe kichwani na wewe mgongoni, kwa njia ile ile, na hakuna aliyenitoza kitu. Umekua, umesoma, umekwenda mjini, na katika maisha yako yote hujaleta hata kata moja ya maji nyumbani. Sikukulaumu, kwa sababu wanaume wetu ndivyo walivyo. Leo nakulaumu.

Posa sipeleki. Njia ikifunguliwa, uniambie tena.

Mwanahija


Kariakoo
10 Novemba 1952

Shangazi,

Shikamoo. Sitajibu maneno yako, kwa sababu mengine ni ya kweli na mengine yameniuma.

Watu wengine wameanza kumtaka binti, na mimi siwezi kungoja mpaka ng'ombe na seng'enge wapatane. Nimempelekea Baba mdogo Kibwana vitu vya sinia kwa lori la jana. Amekubali kwenda yeye badala yako. Usimkasirikie. Nimemlazimisha.

Ausi


Dunda
22 Novemba 1952

Ausi,

Nakuandikia kwa haraka, na hasira zangu zina haraka zaidi.

Baba yako mdogo alikwenda Ijumaa iliyopita na sinia lako. Bwana Mwinjuma akampokea, akampa kahawa, akamwambia posa bila shangazi haipokei, sinia litakaa rafuni limefunikwa mpaka Mwanahija aje mwenyewe, na akija yeye atajua maneno ya mitaani yamekwisha. Kufikia hapo sina ubaya naye, kazungumza kama mtu anayejua desturi. Lakini Kibwana alipoinuka kuaga, yule bwana akamtia kamba mkononi. Mwisho wa kamba alikuwako ng'ombe. "Mchukue ng'ombe wa Maulidi," akamwambia, "wewe sasa ni mtu wa nyumbani."

Na ndugu yangu, mwadhini wa miaka yote, aliyeitikia amina tuliposoma Fatiha, akaipokea. Nimemuuliza alikuwa anafikiri nini. Ananiambia mkono wa mtu unayetaka kuwa mkwe wake haukataliwi. Akamkokota ng'ombe Dunda nzima mpaka msikitini. Watoto walimfuata wakiimba. Wazee walitoka barazani kumtazama, na yule wa pilau alikuwa mbele yao wote.

Wanawake walikuja kwangu wakilia kwa hasira. Niliwaambia hatutagombana na mtu. Ng'ombe yuko msikitini, upande wa wanaume, basi ni wao watakaomtunza. Sisi hatumtekei maji, na siku ikifika hatumpiki. Tukasoma dua yetu tukatawanyika.

Wewe hujui ng'ombe anakunywa kiasi gani. Wanaume nao hawakuwa wanajua. Siku ya kwanza walimpa maji ya mtungi wa kutawadhia, wakakosa ya kutawadhia wao. Siku ya pili wakawatuma wake zao, na wake zao wakasema wana kazi. Sasa Kibwana, kwa kuwa yeye ndiye aliyemleta, amekabidhiwa. Anazunguka kule kwenye mikoko na debe begani, kwa sababu kichwani hajui kulikalisha. Anafika amelowa mpaka kiunoni, ng'ombe anamaliza kwa pumzi moja, anamtazama. Usiku wa Maulidi ni Jumamosi ijayo, yaani bado ana wiki nzima ya kwenda na kurudi.

Namhurumia, lakini simsaidii.

Mwajabu haji tena chuoni. Baba yake anasema ameshahitimu. Lakini kuna jambo nimelisikia kwa Kibwana. Bwana Mwinjuma alimwambia kwamba habari za kukataliwa ng'ombe wake alizisikia juzi tu, sokoni. Mwajabu amezijua tangu mwanzo wa Oktoba. Alizisoma kwa kinywa chake, katika barua yako, na kwao hakusema.

Mwanahija


Dunda
6 Desemba 1952

Mwanangu Ausi,

Salamu nyingi. Mvua imenyesha siku mbili, barabara imekatika huko Mapinga, kwa hiyo sijui barua hii utaipata lini. Kibwana mgonjwa wa mgongo. Dija mzima, alikuja kwenye dua Alhamisi.

Nitakueleza yote, usiruke mistari kama ilivyo tabia yako.

Ijumaa kabla ya Maulidi, Kibwana alichoka. Akajiambia kwamba yeye sasa ni mtu wa nyumba ya Bwana Mwinjuma, kwa nini azunguke kwenye mikoko? Akachukua debe, akaenda langoni, amevaa kanzu na kofia tayari kwa sala. Mlinzi wa pale ni mtu wa bara, na kaambiwa amtoze mtu yeyote mwenye debe. Kibwana akamweleza habari za posa. Mlinzi akamsikiliza kwa heshima zote, alipomaliza akamwonyesha pakacha.

Akabeba, Ausi. Sijui kwa nini hakurudi. Nadhani aliona aibu kurudi bila maji, akaona hakuna anayemtazama. Akabeba nazi mpaka tanurini, akateka, na wakati wa kurudi akaonyeshwa pakacha la pili.

Wakati huo msikiti umejaa na hakuna adhana. Watu wanaulizana. Bwana Mwinjuma yuko safu ya mbele, mahali pake. Akaingia Kibwana, kanzu imepakaa masizi ya tanuri toka kifuani hadi chini, makumbi ya nazi yamemganda begani. Mwalimu Mohamedi akamuuliza amepatwa na nini. Sisi tulikuwa upande wetu nyuma ya pazia, tukichungulia, nikamsikia ndugu yangu kwa masikio yangu. Hakupaza sauti. Alisema, "Nimetozwa nazi kwa maji ya ng'ombe wa Mtume."

Wanaume ambao miezi yote hii tumewaambia, wakaambiwa habari za Dija wakasema Mungu ampe mwingine, siku hiyo wakaelewa kwa sababu ya masizi katika kanzu ya mwadhini. Ningependa kukuambia nilifurahi. Nilikasirika. Lakini wameelewa, na wa kuelewa kwa kuchelewa ni bora kuliko wewe.

Mwalimu alipanda mimbari. Nadhani alikuwa ameandaa hotuba nyingine, maana alikaa kidogo akiitazama karatasi, kisha akaikunja. Akasoma ile ya maji, malisho na moto, na safari hii hakutazama bati. Alimtazama mtu aliyekaa mbele yake. Akasema, "Maulidi tutayasoma kesho. Ng'ombe atarudi leo."

Baada ya sala wanaume wakamfungua ng'ombe. Njia ya kumrudisha hadi nyumbani kwa Bwana Mwinjuma ni moja, ni ile ya kisimani. Walipofika langoni mlinzi akaona ng'ombe wa bwana wake, akafungua lango lote. Ng'ombe hakuambiwa abebe pakacha. Aliponusa maji akawaburuta wote mbio. Na sisi tukapita nyuma yake na madebe yetu, Dija akiwa wa mbele, na mlinzi hakujua amzuie nani. Tulipita tena jioni, na kesho yake alfajiri. Maulidi tuliyasoma Jumamosi kwa wali na papa. Yule mzee wa pilau alikula mara mbili, na sikumwambia kitu. Bwana Mwinjuma hakuja.

Jumatatu mlinzi hakuwako. Lango halijang'olewa, lakini liko wazi, na mapakacha yameondolewa. Hakuna aliyetuambia lolote, na hatukuuliza.

Jumatatu hiyo hiyo sinia lako lililetwa nyumbani kwangu, limefunikwa kama lilivyokwenda. Aliyelileta alisema ametumwa aniambie kwamba Bwana Mwinjuma hana binti wa kuwapa watu wanaomrudishia ng'ombe.

Sina njia nzuri ya kukuandikia hili. Nimefurahi kwa ajili ya njia, na nimeumia kwa ajili yako, na vyote viwili ninavyo kwa pamoja. Kama ingebidi tuanze upya ningefanya vilevile. Lakini wewe ni mwanangu, na ninajua ulivyokuwa ukiitazama kanzu ile.

Sasa sikia la mwisho. Jana alfajiri nilikuwa kisimani, akaja Mwajabu. Kwao wana watu wa kuwatekea, hajawahi kuonekana pale. Alikuja na debe jipya linalong'aa, akalitumbukiza vibaya, nikamfundisha. Hakukutaja. Tulipokuwa tunajitwisha akaniambia, "Mwalimu, sinia limerudi, lakini si mimi niliyelirudisha."

Basi nitalipeleka mimi. Nitapita njia ile ile mchana, na sinia kichwani, kila mtu anione. Baba yake anaweza kunifungia mlango, na akinifungia nitarudi tena mwezi ujao. Nilikuambia njia ikifunguliwa uniambie tena. Huna haja ya kuniambia.

Lakini posa ya mwanamume aliyekaa Dar es Salaam akituma salamu siipeleki. Dija ameniuliza: huyu tunayemwendea, atakuwa upande gani lango likifungwa tena? Jibu hilo si langu. Lete wewe.

Shangazi yako,
Mwanahija binti Mrisho


Kariakoo
17 Desemba 1952

Kwa Shangazi yangu Mwanahija,

Shikamoo, na shikamoo kwa Baba mdogo na mgongo wake. Nakuandikia kwa harufi zako, na ukipenda wasomee wote.

Nimepata ruhusa kazini kuanzia wiki ijayo. Nitapanda lori la Jumatano. Likikwama Mapinga nitatembea mpaka Kerege, na Kerege likikosekana jingine nitatembea mpaka nyumbani.

Nimeandika jibu la Dija mara nyingi na nimelichana kila mara, kwa hiyo silileti katika karatasi.

Kesho yake baada ya kufika kwangu msiteke maji. Acha debe lako mlangoni, tupu, na mwambie Dija naye aache lake. Nitakwenda kisimani asubuhi, wakati watu wamekaa barazani, na nitapita mbele ya nyumba ya Bwana Mwinjuma, kwenda na kurudi, mpaka mitungi ya nyumba zote mbili ijae. Nifundishe tu kulikalisha kichwani, nisije nikalowa kama Baba mdogo.

Sinia tulipeleke baadaye, jua likipungua.

Mwanao,
Ausi